Ameacha pombe, jioni yake tuijaze nini?



Ndugu msomaji, sifa zote njema ni za Allah (Subhaanahu wa Ta'ala), Mwenye kuzipokea toba za waja Wake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), ahli zake na swahaba zake. Kuhusu uharamu wa pombe tumekwisha kuandika mara nyingi katika ukurasa huu. Leo hatuzungumzi na anayekunywa. Tunazungumza na nyumba ya aliyeacha, kwa sababu huko nako kuna mtihani ambao familia nyingi zinao na chache zinautaja.

Mvua za mwezi wa tatu zilikuwa bado zinanyesha hapa Songea pale mama mmoja aliponisubiri baada ya darsa, akiwa na binti yake mdogo na kinamama wenzake wawili. Akasema, "Ustadh, nina jambo, lakini naona haya kulisema."

"Sema tu, dada yangu," nikamjibu.

"Mume wangu ameacha pombe. Huu ni mwezi wa nne sasa."

Nikamhimidi Allah kwa sauti. Yeye pia akamhimidi, lakini uso wake haukufunguka. "Nashukuru kila siku," akasema. "Lakini hacheki, Ustadh. Alipokuwa akinywa alikuwa akirudi usiku anatukana na kuangusha vyombo, ila asubuhi alikuwa akicheka na watoto. Sasa anaswali, haangushi kitu, haongezi neno. Jioni anakaa barazani anatazama barabara kama msafiri aliyeachwa na basi. Watoto wanapita pembeni. Namwogopea mwezi wa saba."

Nikamuuliza kwa nini mwezi wa saba. Akanijibu kama anayemweleza mgeni: "Si ndipo mahindi yanapouzwa?"

Aliye mkazi wa Ruvuma hahitaji maelezo zaidi. Mkoa wetu unaishi kwa mahindi. Wanunuzi wanapofika na fedha kuingia mikononi mwa wakulima, vilabu vya komoni na ulanzi vinajaa, na gongo inapata wateja wapya. Mtu aliyestahimili miezi yote ya ukata anaweza kuanguka katika wiki moja ya neema.

Jina la mama huyu na la mumewe hamtayasoma hapa, wala mtaa wao. Mja ambaye Allah amemsitiri hafai kufunuliwa na gazeti. Haya ninayoyaandika nimeruhusiwa na wote wawili, kwa nia kwamba nyumba nyingine zifaidike.

Sharia ilianza na saa

Wanazuoni wa tafsiri wameeleza kwamba pombe haikuharamishwa kwa siku moja. Katika Suratul Baqara, aya ya 219, waumini waliwekewa mizani, wakafahamishwa kwamba ubaya wake unaushinda ule unaodhaniwa kuwa ni faida. Baadaye, katika Suratun Nisaa, aya ya 43, wakakatazwa kuikaribia swala wakiwa wamelewa. Mwishoni, katika Suratul Maida, aya ya 90 na ya 91, wakaamrishwa kuiepuka moja kwa moja.

Tuitazame ile hatua ya kati. Swala za faradhi ni tano. Mtu anayetaka kila swala imkute na akili timamu, saa zake za kunywa zinabaki chache mno: baada ya Isha, au baada ya Alfajiri. Mchana wote umekwisha kushikwa. Kwa hiyo, kabla mlango haujafungwa kabisa, saa za mnywaji zilikuwa tayari zimejazwa jambo jingine lililo bora.

Kisha ikaja siku ile anayoisimulia Anas bin Malik (RA). Alikuwa kijana, akiwahudumia watu pombe nyumbani kwa Abu Talha, mara mpiga mbiu akapita akitangaza kwamba imeharamishwa. Abu Talha akamwamuru aitoe nje na kuimwaga, na siku hiyo pombe ikatiririka katika njia za Madina. Sisi wahadhiri tunapenda kuisimulia siku hiyo. Mara chache tunaongeza kwamba waliomwaga walikuwa na mahali pa kwenda jioni ile. Walikuwa na msikiti, na ndugu waliojuana kwa majina na kwa shida zao, na Mtume (SAW) akiwa kati yao.

Hapo ndipo penye somo letu la leo. Kumwaga ni tendo la dakika moja. Baada yake inakuja jioni, na kesho yake jioni nyingine. Tukimwamrisha mtu amwage kisha tukamwacha peke yake barazani, tumefanya nusu ya kazi.

Kwa nini hacheki

Wapo wanaodhani kwamba aliyeacha pombe na akabaki na huzuni hajatubu kwa dhati. Dhana hii ni dhuluma. Elimu ya tiba inaeleza kwamba pombe huchochea ndani ya ubongo kemikali inayohusika na raha, iitwayo dopamini. Mtu akinywa kwa miaka, ubongo unazoea uchochezi huo wa nguvu, na raha za kawaida zinakosa ladha: chakula kizuri, mazungumzo, mtoto anayekuja mbio kumpokea. Pombe inapoondoka, ubongo haurudi katika hali yake siku hiyo hiyo. Unahitaji wiki, na kwa wengine miezi. Katika muda huo mtu hulala vibaya, hukasirika upesi, hutamani vitu vitamu, na huona kila kitu kimepauka. Mwili unapona polepole, kama mguu uliovunjika unavyohitaji muda kabla ya kukanyaga tena.

Mke anayelijua hili hatasema, "Afadhali ulipokuwa ukinywa." Neno hilo, hata likitamkwa kwa utani, linaweza kubomoa kazi ya miezi minne. Na mume anayelijua hatajidhania kuwa amekuwa mtu mbaya zaidi. Atajua kwamba yumo njiani.

Hapa nitoe tahadhari mbili. Ya kwanza, mtu aliyekuwa akinywa sana kila siku asikatishe ghafla nyumbani bila ushauri wa daktari. Katika siku mbili tatu za mwanzo anaweza kutetemeka, kutokwa na jasho jingi, kuona visivyokuwapo, hata kushikwa na degedege, na hali hiyo huweza kuua. Apelekwe hospitali mapema. Zipo dawa za kumvusha. Ya pili, huzuni ikizidi badala ya kupungua, au mtu akianza kutaja kifo, hilo nalo ni la hospitali, pamoja na dua. Kujitibu ni katika mafunzo ya dini yetu.

Alichokuwa akikifuata kilabuni

Nilimtembelea mume wa mama yule mahali pake pa kazi. Ni fundi seremala. Akanipangusia ubao nikae. Tulizungumza kwanza habari za mbao na bei zake, hata nilipoona moyo wake umetulia nikamuuliza, "Fundi, pombe bado unaitamani?"

Akafikiri kidogo. "Ustadh, nikwambie kweli. Pombe yenyewe siitamani kila siku. Ninaitamani saa kumi na mbili jioni. Saa hiyo nilikuwa nikiingia kilabuni, watu kumi wananiita kwa jina. Wananipa nafasi ya kukaa. Wananiambia nani anajenga, nani anatafuta milango, na kazi nyingi nilizipatia pale. Sasa naenda msikitini. Natoa salamu kulia na kushoto, nikigeuka watu wamekwisha kuondoka. Na wale wanaonifahamu, wananifahamu kwa ulevi wangu."

Sikuwa na jibu la haraka. Nilihesabu mwenyewe ni mara ngapi nimempita mtu kama yeye katika safu ya nyuma, nikakimbilia shughuli zangu.

Nikamsimulia habari iliyopokewa na Imam Bukhari. Katika zama za Mtume (SAW) alikuwapo swahaba aitwaye Abdullah, ambaye watu walimpa jina la utani. Alikuwa na kawaida ya kumchekesha Mtume (SAW). Mtu huyo alikuwa na udhaifu wa kunywa, na aliletwa na kuadhibiwa kwa sababu hiyo zaidi ya mara moja. Siku moja alipoletwa tena, mtu mmoja akamlaani kwa wingi wa kuletwa kwake. Mtume (SAW) akakataza asilaaniwe, akashuhudia kwamba mtu huyo anampenda Allah na Mtume Wake.

Adhabu ya sharia haikuondolewa, wala kosa halikuitwa jema. Lakini mtu hakufukuzwa katika jamii kwa kosa lake, na kicheko chake hakikusahauliwa. Fundi aliniuliza, "Kwa hiyo alikuwa mtu wa kuchekesha?" Nikamwambia ndivyo ilivyopokewa. Akarudia kupiga randa, kimyakimya.

Kigoda kilichofupika

Siku ile tulikubaliana mambo machache tu, kwa sababu mzigo wa mambo mengi huangusha. Kwanza, abadili njia ya kurudi nyumbani, asipite mbele ya kilabu hata kama njia nyingine ni ndefu. Pili, saa kati ya Alasiri na Isha ziwe na kazi inayojulikana, wala zisiachwe kwa bahati. Tatu, awe na mtu mmoja wa kukaa naye baada ya Magharibi. Hili la tatu nililichukua mimi kwa siku mbili za wiki, na mzee mmoja wa jirani akachukua siku nyingine. Tunakunywa chai ya tangawizi, tunazungumza mambo ya kawaida ya dunia, hatumhubirii.

Kuhusu kazi ya jioni, alichagua kumfundisha useremala mwanawe wa miaka kumi. Kazi ya kwanza ya kijana ikawa kigoda cha jikoni cha mama yake. Alipomaliza, kikayumba. Akakata kidogo mguu mmoja ili kisawazike, kikayumba upande wa pili. Akakata wa pili, kisha wa tatu. Alipokuja kumwita baba yake akitazame, kigoda kilikuwa kimefupika hata kuku angeweza kukiruka bila kupiga mbawa. Kijana akasema kwa uso wa fundi mkubwa, "Baba, sasa hakiyumbi."

Fundi alicheka. Mkewe alikuwa jikoni akimenya viazi, na alinieleza baadaye kwamba aliweka kisu chini akasikiliza, kwa sababu sauti ile ilikuwa imepotea katika nyumba. Kigoda kile bado kipo. Anakikalia kila siku, magoti yakiwa karibu na kidevu, na amekataa kutengenezewa kingine.

Msomaji, hakuna muujiza katika habari hii. Siku iliyofuata fundi alirudi kuwa mkimya. Lakini tangu hapo nyumba ile imejua kwamba kicheko kipo, na kwamba kinatokea mahali penye shughuli na watu.

Furaha zisizo na gharama kubwa

Watu huniuliza: mtu aliyezoea raha ya pombe, tumpe raha gani nyingine? Wanatarajia niseme jambo kubwa. Mimi nasema tuanze na yaliyopo. Kuamka bila kichwa kuuma ni raha. Kuswali Alfajiri katika baridi ya Songea ya mwezi wa sita, kisha kurudi kwenye uji wa moto na watoto wakiwa bado wamejifunika, ni raha. Kukumbuka ulilosema jana, na kutokuwa na mtu wa kumwomba radhi asubuhi, ni raha kubwa kuliko wengi wanavyodhani.

Jumamosi, wapelekeni watoto Makumbusho ya Majimaji. Wasimuliwe na baba yao, si na mwalimu peke yake, kwamba tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga mashujaa 67 hapa, na kwamba mji wetu unabeba jina la Nduna Songea Mbano. Siku nyingine tembeeni kuelekea milima ya Matogoro, unakoanzia mto Ruvuma, mto ambao mbele huko unakuwa mpaka wetu na Msumbiji. Baba anayejibu maswali ya watoto njia nzima hurudi nyumbani amechoka uchovu mwema, na usingizi wake huwa mzuri.

Tena kuna hesabu. Chukulia mtu aliyekuwa akitumia shilingi 3,000 kwa siku. Kwa mwezi wa siku 30 ni shilingi 90,000. Kwa mwaka ni 1,095,000. Fundi na mkewe waliamua kuiona fedha hiyo kwa macho. Kila jioni anatia kwenye kopo kiasi alichokuwa akikinywa, na mwisho wa mwezi wanafungua pamoja mbele ya watoto. Mwezi wa kwanza walinunua sare za shule.

Wajibu wa nyumba na wa jirani

Mke, watoto na jamaa wana mambo ya kujizuia. Msimkumbushe ya zamani kila mnapogombana. Aliyetubu asihukumiwe upya jikoni. Msimnuse. Msimtume dukani kwa majaribio ili mwone atarudi saa ngapi. Akichelewa, ulizeni kama mnavyomuuliza mtu mwaminifu.

Jirani na rafiki, nanyi msimkaribishe kwa neno "kidogo hakidhuru". Kwetu Waislamu kidogo chake ni haramu kama kingi. Na hata wasiokuwa Waislamu wanapaswa kujua kwamba Shirika la Afya Duniani lilitamka mwezi Januari 2023 kwamba hakuna kiasi cha pombe kilicho salama kwa afya. Shirika hilo limekadiria kwamba katika mwaka 2019 watu milioni 2.6 duniani walifariki kwa sababu zinazotokana na pombe. Nchi yetu nayo iliona hatari, ikapiga marufuku pombe za viroba kuanzia tarehe 1 Machi 2017, kwa kuwa zilikuwa zikiwafikia hata watoto wa shule. Hata hivyo, amri ya serikali huondoa kifuko dukani. Jioni ya mtu huijaza jamaa yake na jirani yake.

Ndugu waumini wa misikitini, nasi tuna deni. Baada ya salamu, kaa dakika tano. Muulize jina aliye kulia kwako, umuulize na kazi yake. Ukijua anayetafuta fundi, mtaje fundi. Haifai kilabu kiwe mahali pa kupatia kazi na msikiti uwe mahali pa kupatia nasaha tu.

Na ikitokea ameteleza? Mlango usifungwe. Toba ya kweli ina kujuta, kuacha, na kuazimia kutorudia. Akiteleza, huanza tena toba yake siku hiyo hiyo. Anayeuliza, "Ulikuwa wapi?" huku amekwisha kumwandalia maji ya kuoga, amefanya vema kuliko anayeuliza huku ameshika komeo.

Mwezi wa saba

Mahindi yao sasa yamekauka shambani, na magunia yamekwisha kununuliwa. Wiki iliyopita tulikaa sisi watatu, mume, mke na mimi, tukapanga mapema. Siku ya kuuza watakwenda wote wawili, na fedha itahifadhiwa benki siku hiyo hiyo kabla ya Adhuhuri. Wakati wa kuvuna na kupima, zaka itatangulia. Mazao yaliyofikia kiwango, ambacho kwa makadirio ya wanazuoni wengi ni takriban kilo 650, hutolewa sehemu moja ya kumi yakiwa yamelimwa kwa mvua. Kisha ada ya shule, mbolea ya msimu ujao, na kinachobaki ni bati za chumba cha watoto. Jioni ya siku hiyo nitakuwa kwao kwa chakula, na mzee jirani atakuwapo.

Fundi alisikiliza mpango wote, kisha akasema, "Ustadh, mmeniwekea walinzi kama benki." Mkewe akacheka, naye akacheka. Halafu akaongeza kwa sauti ya chini, "Lakini njooni kweli."

Hilo ndilo ninalokuachia, msomaji mpendwa. Katika mtaa wako yupo mtu aliyeacha pombe mwaka huu, na leo jioni, saa kumi na mbili, amekaa barazani anatazama barabara. Nenda kweli. Usibebe mawaidha marefu. Kaa naye mpaka adhana ya Isha, kisha mwondoke pamoja.

Tunamwomba Allah awathibitishe walioacha, awape nguvu wanaotaka kuacha, azijaze nyumba zao utulivu na kicheko cha halali, na atusamehe sisi tuliowapita katika safu ya nyuma bila kuwasalimu. Aamin.

Wabillaahi tawfiiq.